TUHESABU WATOTO, TUSIHESABU SEMINA

Mkoa wetu wa Ruvuma una sifa njema katika nchi. Mahindi yake hulisha mikoa mingine. Kahawa ya Mbinga, tumbaku ya Songea na Namtumbo, na korosho za Tunduru huliingizia Taifa fedha, na makaa ya mawe ya Ngaka hupita mjini Songea kwa malori kuelekea bandari ya Mtwara. Lakini iko hesabu moja ambayo hatuwezi kuitaja kwa majivuno. Katika uchunguzi wa Taifa wa hali ya watu na afya uliofanywa mwaka 2022 ilionekana kwamba kati ya wasichana 100 wa Ruvuma wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 37 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa 22 kati ya 100. Ni mkoa mmoja tu uliotuzidi, nao ni Songwe, wenye 45.

Ndugu wasomaji, tusiipite hesabu hii kama tupitavyo tangazo la mnada. Katika kila wasichana watatu wa umri huo tunaokutana nao sokoni, kisimani au njiani, mmoja na zaidi amekwisha kuingia katika mambo ambayo mwili wake na akili yake havijawa tayari kuyabeba. Wala haifai kusema kwamba chanzo ni njaa, kwa maana mkoa huu si mkoa wa njaa. Tumeweza kulijaza ghala la Taifa. Imetushinda nini kuwalinda watoto wetu?

Mimba ni alama moja tu, kwa kuwa ndiyo isiyofichika. Nyuma yake yamo mengine yasiyoonekana upesi: pombe, sigara, bangi, kupigana, na maradhi ya zinaa pamoja na UKIMWI. Jirani yetu Njombe, ambaye twashirikiana naye barabara, biashara na ndoa, alipatikana katika uchunguzi wa miaka ya 2022 na 2023 kuwa na watu wazima karibu 13 kati ya 100 wenye virusi vya UKIMWI. Kwa nchi nzima walikuwa kama 4 kati ya 100. Moto ulio katika nyumba ya jirani haungoji ruhusa ya kuvuka ua.

Wataalamu wa afya huyaita mambo haya kwa jina moja, tabia hatarishi za vijana. Jina hili lafaa kwa kazi ya utafiti, lakini lina hatari yake, maana mtu akilisikia hudhani kwamba kosa lote ni la kijana. Yatupasa tukumbuke uchunguzi wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011. Vijana wenye umri wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa habari za utoto wao. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema kwamba walitendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Je, hiyo nayo ni tabia ya mtoto? La hasha. Hiyo ni tabia ya mtu mzima, na mtoto ndiye aliyebebeshwa madhara yake.

Sasa tujiulize, sisi tumefanya nini? Kusema kweli hatukukaa kimya. Semina zimefanywa, mabango yametundikwa kwenye kuta za shule, wageni wa heshima wamekaribishwa, hotuba zimetolewa, na wanafunzi wameimba nyimbo za kuwakaribisha wageni hao. Mwishoni taarifa huandikwa kwamba wanafunzi kadha wamefikiwa. Neno hilo “wamefikiwa” lina uvivu ndani yake. Daktari hahesabu chupa za dawa alizogawa akasema kwamba ameponya watu, bali hutazama ni wangapi walioinuka kitandani. Mkulima naye hahesabu mifuko ya mbolea aliyomwaga, huhesabu magunia aliyovuna. Kwa nini basi katika jambo la watoto wetu turidhike kwa kuhesabu semina?

Sisi wa Songea tuna sababu kubwa kuliko watu wengine ya kudai dawa ipimwe. Kila mwezi wa Februari twakusanyika Mahenge kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Maji Maji, walionyongwa na Wajerumani mjini humu tarehe 27 Februari 1906. Twawaheshimu kwa ushujaa wao na kwa umoja wao, ambao ulivuka mipaka ya makabila wakati ambapo hakuna mtu aliyewafundisha siasa ya umoja. Lakini historia hiyo ina somo jingine, chungu zaidi. Watu walipewa maji wakaambiwa kwamba risasi zitageuka kuwa maji. Hawakuwa wajinga. Walikuwa watu walioonewa, waliohitaji tumaini, nao waliipokea dawa kwa sababu aliyewapa aliisifu. Ubora wake ulikuja kujulikana vitani, na gharama yake ikawa maisha ya watu. Leo watoto wetu wako mbele ya hatari nyingine. Tukiwapa kinga ambayo hatukuipima, eti kwa kuwa aliyeileta ameisifu, tutakuwa hatukujifunza kitu kwenye makaburi yale.

Kupima jambo la namna hii kwawezekana, na kumekwisha kufanyika katika nchi yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango ulioitwa Ngao ulijaribiwa katika shule za msingi za Arusha na Kilimanjaro. Wanafunzi wa darasa la sita walifundishwa habari za UKIMWI, kisha walilinganishwa na wenzao wa shule ambazo hazikupata mafunzo hayo. Walionekana kuwa na maarifa mengi zaidi, na hofu yao ya kuishi na wagonjwa ilikuwa imepungua. Huo ulikuwa mwanzo mwema.

Lakini kipimo kikubwa zaidi kilifanywa Mwanza, na jina lake lilikuwa Mema kwa Vijana. Kazi hiyo iliongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF, na chuo cha London kinachoshughulikia tiba ya nchi za joto. Yafaa kila mwanachama na kila mfanyakazi aelewe jinsi ilivyofanywa, kwa kuwa njia yake ni nyepesi kuelewa. Maeneo 20 ya vijijini yaligawanywa kwa kura. Maeneo 10 yalipata mpango kuanzia mwaka 1999, na mengine 10 yaliendelea na mambo ya kawaida ili yawe ya kulinganishia. Katika maeneo yaliyopata mpango, walimu walifundisha afya ya uzazi kuanzia darasa la tano hadi la saba, wakisaidiwa na wanafunzi wenyewe. Wauguzi na waganga walifunzwa kuwapokea vijana bila kuwafokea. Vijana wa vijijini waligawa kondomu kwa wenzao, na wananchi walihamasishwa. Haikuwa semina ya siku moja. Ilikuwa kazi ya miaka.

Kisha vijana walipimwa, mara ya kwanza mwaka 2002, na tena katika miaka ya 2007 na 2008, ambapo vijana 13,814 waliulizwa na kupimwa damu. Matokeo yalikuwa nini? Waliofundishwa walikuwa na maarifa bora, na tofauti hiyo ilidumu miaka mingi baada ya wao kuondoka shuleni. Baadhi ya mawazo yao na maneno yao juu ya mwenendo wao yalikuwa mazuri zaidi. Lakini damu ilisema jingine. Virusi vya UKIMWI vilipatikana kwa wanawake 4 kati ya 100, na kwa wanaume karibu 2 kati ya 100, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya maeneo yaliyopata mpango na yale yasiyoupata. Hata mimba hazikupungua.

Wako watu ambao wangalifunika matokeo kama hayo. Watafiti wa Mwanza waliyatangaza ulimwenguni, na kwa jambo hilo wamelitendea Taifa wema mkubwa, maana mtu akuambiaye kwamba daraja limeoza amekuokoa kuliko yule akusifiaye rangi yake. Tena hawakuishia kwenye hesabu. Wako waliokaa vijijini, wakala na watu na kulima nao, ili wajue sababu. Waliona kwamba msichana aliyejibu vizuri maswali ya darasani alirudi jioni katika kijiji kilekile, ambako hakuwa na sabuni wala daftari, na mwanamume mwenye fedha alikuwa tayari kumpa vyote kwa masharti yake. Mvulana naye alirudi kwa wenzake, waliompima uanaume kwa idadi ya wasichana. Somo lilibadilika, kijiji hakikubadilika.

Kutokana na hayo wako watakaosema kwamba masomo ya afya shuleni hayana maana, afadhali yaachwe. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Maarifa ni msingi wa nyumba, na hakuna awezaye kulala katika msingi usio na ukuta wala paa, lakini hakuna pia ajengaye ukuta pasipo msingi. Mtoto asiyejua jinsi mwili wake unavyobadilika wakati wa balehe atafundishwa na simu, na mwenzake, au na mtu atakaye kumdhuru. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Linalotakiwa ni kuchagua somo lenye nguvu, na kuliongezea yale ambayo somo peke yake haliwezi kuyafanya.

Hebu tutazame jirani zetu wa Kenya. Katika magharibi ya nchi hiyo shule za msingi 328 zilishirikishwa katika utafiti uliogusa mambo kadha. Katika baadhi yake, walimu walifunzwa jinsi ya kufundisha somo la UKIMWI kama lilivyoandikwa katika mtaala, ambalo mkazo wake ulikuwa kujizuia mpaka ndoa. Mimba hazikupungua. Katika shule 71, mwaka 2004, mgeni aliingia darasani kwa kipindi kimoja cha dakika 40, akaonyesha filamu fupi, na akawapa wasichana habari moja mahsusi: kwamba wanaume wa umri mkubwa wana virusi vya UKIMWI kwa wingi zaidi kuliko wavulana wa rika lao. Mwaka uliofuata mimba za wasichana hao zilikuwa chache kwa asilimia 28 kuliko za wenzao wasioambiwa. Tofauti ilikuwa kwamba somo la kwanza liliwaambia watoto wasifanye, na somo la pili liliwaambia hatari inakaa wapi. Watoto wana akili. Wakipewa habari ya kweli wanaweza kuitumia.

Katika shule nyingine za utafiti huohuo wanafunzi walipewa sare bure, basi. Hakuna aliyewahubiria. Baada ya miaka mitatu wasichana waliokuwa wamepata watoto walikuwa 13 kati ya 100, hali katika shule ambazo hazikupewa sare walikuwa 16. Gauni la shule lilifanya kazi ambayo mtaala haukuweza kuifanya, kwa sababu lilimweka msichana shuleni, na shule yenyewe ni kinga. Tangu mwaka 2016 Serikali yetu imeondoa ada katika elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne, na baadaye ikafikia kidato cha tano na cha sita. Hatua hiyo ni kubwa sana. Lakini sare, madaftari na mahitaji ya nyumbani yangali juu ya mzazi, na huko ndiko mwenye hila anakopenyeza mkono wake.

Iko nchi nyingine iliyo mbali, yenye baridi na mali kuliko yetu, lakini ina jambo la kutufundisha. Aislandi, kisiwa cha kaskazini mwa Ulaya, kilikuwa na vijana walevi mno. Mwaka 1998 vijana 42 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 na 16 walisema kwamba walilewa katika mwezi uliopita, na 23 kati ya 100 walivuta sigara kila siku. Mwaka 2016 walevi walikuwa 5, na wavutaji 3. Walifanyaje? Waliwauliza vijana wenyewe mara kwa mara kwa karatasi zisizoandikwa jina, na majibu ya kila shule na kila wilaya yalirudishwa kwao upesi ili wazazi, walimu na halmashauri wayajadili. Kisha wakawabadilisha watu wazima: wazazi waliafikiana juu ya saa ya mtoto kuwa nyumbani, sheria za kuuza pombe na tumbaku zilikazwa, na michezo na muziki vikafunguliwa kwa kila mtoto baada ya masomo. Fedha walikuwa nazo, ni kweli. Lakini kuafikiana saa ya mtoto kurudi nyumbani hakuhitaji fedha.

Sasa turudi Songea. Alfajiri, kando ya barabara za vijijini, utawaona watoto wa shule za kata wakitembea mwendo mrefu. Shule hizi zilijengwa kwa nguvu za wananchi tangu mpango wa sekondari ulipoanza mwaka 2004, nazo zimewafungulia mlango watoto wa wakulima ambao zamani wasingaliuona. Lakini mahali pengi zilijengwa bila mabweni, na mtoto akaaye mbali hupangishiwa chumba karibu na shule. Wenyewe huviita vyumba hivyo mageto. Hebu fikiri: msichana wa miaka 14 analala peke yake, anapika peke yake, na unga ukimwishia katikati ya wiki ndipo jirani mwenye pikipiki au mwenye duka anapojitokeza kuwa mwokozi. Tena msimu wa kilimo ukifika, wazazi wengine huhamia kwenye mashamba ya mbali, na watoto huachwa kulinda nyumba. Hatuwezi kumweka mtoto peke yake njiani kwa chui, kisha tukamfanyia semina juu ya meno ya chui.

Juu ya pombe pia tuseme kweli. Vilabu vya pombe za kienyeji vimo katikati ya mitaa yetu, na mtoto hutumwa huko kununua, au hukaa huko kumsaidia mama yake anayeuza. Mama huyo si adui, maana mara nyingi pombe hiyo ndiyo imelipa madaftari. Lakini sheria ya nchi iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia mtoto pombe au sigara, na sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Sisi tulimao tumbaku twajua thamani yake kwa mkulima, na kwa sababu hiyohiyo imetupasa tuwe wa kwanza kuhakikisha kwamba haiingii katika midomo ya watoto wetu. Kwamba amri huweza kufanya kazi twajua kwa mfano wa viroba. Pombe kali ya vifuko vidogo ilikuwa ikinunuliwa kwa fedha kidogo na kufichwa mfukoni mwa sare. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku vifuko hivyo, navyo vikaondoka madukani. Mabango ya miaka mingi hayakuweza kufanya hivyo.

Najua yatakuja mapingamizi. La kwanza ni la wazazi na viongozi wa dini wanaohofu kwamba kuzungumza na watoto juu ya mambo ya mwili ni kuwafungulia mlango wa uasherati. Hofu yao ni ya mapenzi, nami siidharau. Lakini imepimwa. Vijana wa Mwanza waliofundishwa hawakuonekana kuanza mapema kuliko wenzao wasiofundishwa, na mapitio ya utafiti wa nchi nyingi yaliyofanywa na UNESCO yalifikia neno hilohilo. Wazee wetu nao hawakunyamaza. Katika jando na unyago, kama ilivyo bado kwa ndugu zetu wengi wa Tunduru, watoto walifundishwa kwa makusudi. Yako mambo katika mafunzo hayo yanayofaa kuachwa, hasa yale yanayomfanya mtoto ajione kuwa mke tayari. Lakini wazo kwamba wakubwa wana wajibu wa kusema na mtoto kabla ulimwengu haujasema naye, wazo hilo ni letu, halikuja kwa meli.

Pingamizi la pili ni fedha. Utafiti, mabweni na washauri ni gharama, na halmashauri zina mahitaji mengi. Ni kweli. Lakini semina nazo ni gharama: posho, mafuta ya magari, fulana na chakula. Sisemi kwamba semina zote ni bure. Nasema kwamba kila shilingi iulizwe imezaa nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo twaujenga sasa katika wodi za wazazi, ambako msichana asiyekomaa huhangaika kujifungua, na katika kaya ambako bibi mzee hulea mtoto wa mtoto.

Basi nini kifanyike? Kwanza, tupime. Mwaka 2014 uchunguzi wa afya ya wanafunzi ulifanywa Tanzania Bara kwa maswali ya Shirika la Afya Duniani, na wanafunzi walijibu kwa karatasi zisizo na majina juu ya pombe, sigara, mapigano, upweke na mengineyo. Hesabu ya Taifa ni njema kwa Taifa, lakini haimwambii Mkuu wa Shule wa Songea habari za shule yake. Halmashauri zetu, zikishirikiana na vyuo na wataalamu wa afya wa mkoa, zingeweza kuuliza maswali machache ya namna hiyo kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa siri na kwa hiari, na majibu yakarudi kwa walimu, wazazi na madiwani. Majibu hayo yasitumiwe hata mara moja kumsaka mtoto au kuiaibisha shule. Siku yatakapotumiwa kama fimbo, ndiyo siku watoto watakapoanza kusema uongo, na kipimo kitakuwa kimekufa.

Pili, mahali palipo na mageto, mabweni ya wasichana yatangulie majengo mengine, na mpaka yatakapokwisha kujengwa, kijiji kichukue wajibu. Zamani hapa kwetu, katika miaka ya 1960, kijiji cha ujamaa cha Litowa kilikuwa na shule ambayo maisha yake na ya kijiji yalikuwa kitu kimoja. Jumuiya ya vijiji ile ilivunjwa mwaka 1969, lakini wazo lake halikuvunjika, nalo ni kwamba mtoto aliye shuleni ni mtoto wa kijiji kizima. Mjumbe wa shina ajuaye nyumba zake kumi anajua pia katika chumba gani analala mtoto wa shule pasipo mlezi. Amtafutie mama wa kumtazama. Kazi hiyo haihitaji bajeti.

Tatu, sheria iwafuate wakubwa. Tangu mwaka 2016 mtu ampaye mimba au kumwoa mwanafunzi aweza kufungwa miaka 30. Lakini kila mmoja wetu amesikia habari za mashauri yaliyokwisha kwa kumalizana nyumbani, mbuzi wawili watatu wakatolewa, na mtoto akanyamazishwa. Mzazi apokeaye mbuzi hao amemwuza mwanawe kwa bei ya nyama. Dawati la jinsia na watoto la polisi lipo, na ustawi wa jamii upo, basi watumiwe. Na kiongozi yeyote asikubali kukaa mwenyekiti wa kikao cha kumalizana.

Nne, msichana aliyekwisha kuanguka asitupwe. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya mimba waweza kurudi katika mfumo rasmi wa elimu. Kabla ya hapo wengi walifungiwa mlango kwa maisha. Mlango sasa u wazi, lakini mlango ulio wazi hausaidii kitu ikiwa mlangoni wamesimama watu wa kucheka. Mwalimu asimsimange, wanafunzi wasimwimbe, na jirani mwanamke amshikie mtoto saa za masomo.

Mwisho nasema nawe, ndugu mfanyakazi, wewe mwenye mshahara, dereva, karani, fundi, mwalimu, mfanyabiashara wa mazao. Hesabu ya 37 haikuletwa na wavulana wa shule peke yao. Kwa kiasi kikubwa imeletwa na fedha iliyo katika mikono ya wanaume wazima, hasa baada ya mavuno na mwisho wa mwezi. Hakuna mtaala utakaomkinga msichana dhidi ya mtu ambaye jamii inamwita mheshimiwa mchana na kumfumbia macho usiku. Twaweza kuanza leo, bila kungoja waraka, kwa kuona aibu mbele ya wenzetu na kwa kuwaonea aibu wenzetu.

Kila tawi na kila mahali pa kazi pana daftari la mikutano. Mkutano ujao, agenda iwe na swali moja: katika eneo letu, tangu Januari, wameondoka shuleni watoto wangapi, kwa sababu gani, na nani amekwenda kuwatafuta? Jibu la kwanza huenda likatutia haya. Liandikwe hivyohivyo, na mwaka ujao liulizwe tena, ili tuone kama hesabu imeshuka.